Wa kwanza alikuja bila shida, mbona wa pili hapatikani?

Swali limetoka kwa dada wa Ahero, nalifupisha kidogo. Ana miaka 32, ana mtoto mmoja wa miaka 7, na wametafuta wa pili kwa miaka 3 sasa bila kitu. Mtoto alipofika miaka 2 alianza kudungwa depo, ile sindano ya uzazi wa mpango, akatumia kama mwaka na nusu akaacha. Period inakuja lakini haieleweki, mwezi mmoja siku 35, mwingine inafika 50. Amekunywa dawa za kusafisha kizazi za mama mmoja wa sokoni, amepigwa skani mara kadhaa akaambiwa ana faibroidi ndogo, yani uvimbe wa kizazi. Mzee wake ni dereva wa lori, Kisumu mpaka Busia, anasema hana haja ya kupimwa juu tayari ana mtoto. Mama mkwe anasema depo ndio imemharibu. Alafu mwisho kabisa, kama kitu ya kupita tu, ameandika kwamba baada ya kuzaa alikuwa na homa na uchafu wenye harufu karibu wiki 2 na hakuenda hospitali, iliisha yenyewe. Anauliza aanzie wapi.

Dada, pole kwa hio miaka yote. Nitakujibu moja kwa moja alafu nieleze. Anzieni kwa mzee, na kwako tuangalie vitu viwili, kama mayai yanatoka na kama mirija ya uzazi iko wazi. Hio homa uliyoiweka mwisho ningeiweka mwanzo.

Nikisema mzee apimwe kwanza si ati namlaumu. Mimi sijui kama shida iko kwake, wewe hujui, na yeye mwenyewe hajui, ndio maana ya kupima. Kwa wanandoa wanaotafuta mtoto wakakosa, karibu nusu yao unapata upande wa mwanaume una mchango, wakati mwingine peke yake, wakati mwingine pamoja na wa mwanamke. Sasa wewe umelala kwa kitanda cha skani tena na tena na umekunywa machungu ya sokoni, na yeye hajapimwa hata mara moja. Na kipimo chake ndio rahisi kuliko vyote, hakuna sindano, hakuna kulazwa, bei ni ya chini ukilinganisha na pesa ambayo mmeshatumia kwako.

Hio ya "nina mtoto tayari" nimeisikia kwa wanaume wengi na huwa naijibu kwa heshima kabisa, juu hawasemi kwa ubaya, wanaamini hivo. Mbegu za mwanaume si akiba aliyozaliwa nayo. Zinatengenezwa upya kila siku, na moja kutoka kuanza mpaka ikomae inachukua siku 70 na kitu. Kwa hivo mbegu zilizomleta mtoto wenu zilitengenezwa kabla azaliwe na zikaisha hapo, za leo ni zingine kabisa, na kwa miaka 7 mambo mengi yanaweza kuwa yamepita kwa mwili wa mtu: ugonjwa wa zinaa uliozuia njia ya mbegu, kisukari, uzito, pombe, upasuaji wa ngiri, varikosili (mishipa ya korodani iliyovimba) ambayo imeongezeka polepole. Mtoto wa kwanza anaonyesha tu kwamba mwaka ule mambo yalikuwa sawa. Na hata kwako ni hivo hivo, kuzaa mara moja hakumaanishi mirija iko sawa leo, hasa na ile homa.

Kipimo chenyewe kinafanywa hivi, na naeleza kirefu juu watu wengi hukosea hapa alafu majibu yanawatisha bure. Akae bila kufanya mapenzi wala kujichua siku 2 mpaka 7, isiwe chini wala juu ya hapo. Ajichue mwenyewe mkono mkavu, asitumie mafuta, sabuni wala mate, na asitumie kondomu ya kawaida juu kuna zenye dawa ya kuua mbegu na hata yale mafuta yake yanaziharibu. Atumie kichupa cha labu, na kila kitu kiingie, hasa ule mruko wa kwanza ambao ndio una mbegu nyingi, kama umemwagika aseme ukweli kwa labu warudie siku nyingine. Isikae zaidi ya saa moja kabla kupimwa, na isipigwe na baridi wala jua. Ndio maana si vizuri atoe Ahero alafu apande matatu mpaka Kisumu na foleni ya Nyamasaria, heri atumie chumba cha hapo hapo labu, labu nzuri zina chumba cha hio kazi na wafanyakazi wamezoea, hakuna mtu atamshangaa.

Majibu yakitoka msisome peke yenu mkaanza kulia. Viwango ambavyo Shirika la Afya Duniani liliweka kwa kitabu chake cha 2021 vya chini ni kiasi cha mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, zinazotembea asilimia 42, na zenye umbo zuri asilimia 4. Hio 4 huwatisha watu sana, mtu anaona asilimia 4 au 5 anadhani ameisha, kumbe hata wanaume wanaozalisha bila shida wengi mbegu zao zaidi ya nusu hazina umbo zuri. Alafu hivi viwango si mpaka wa uwezo wa kuzaa, kuna mtu yuko chini akapata mtoto na mwingine yuko juu akakosa. Kama majibu si mazuri, rudieni baada ya wiki kadhaa au miezi 3. Malaria moja kali yenye homa inaweza kushusha mbegu kwa miezi 2 au 3, na huku kwetu karibu na ziwa nani hajashikwa na malaria.

Akikosa mbegu kabisa, yani labu haioni hata moja, hio pia haimaanishi mwisho. Inatokea kwa mwanaume kama 1 kati ya 100. Daktari ataangalia ukubwa wa korodani na apime homoni, juu kuna wale mbegu zinatengenezwa vizuri lakini njia imezibwa, na hao mara nyingi mbegu zinaweza kutolewa moja kwa moja kwa korodani zikatumika, na kuna wale kiwanda chenyewe kimechoka. Sababu ni nyingi: korodani ambazo hazikushuka alipokuwa mtoto, matumbwitumbwi aliyoshikwa akiwa ameshabalehe, kisonono kisichotibiwa. Varikosili ni mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, mara nyingi ya kushoto, mtu akisimama unahisi kama minyoo ndani ya ngozi. Wanaume kama 15 kwa 100 wanayo na wengi wao wanazaa tu, lakini kati ya wale wanaokosa mtoto unaikuta kwa zaidi ya theluthi, na kama mbegu ziko chini na varikosili inaonekana kwa mkono, kuirekebisha kunasaidia wengi.

Kwa vile ni dereva kuna mambo ningemwambia mwenyewe kama angekuwa hapa. Korodani zinataka baridi kidogo, digrii 2 mpaka 4 chini ya mwili, ndio maana Mungu aliziweka nje. Kukaa juu ya kiti cha joto masaa mengi na suruali ya kubana hakuzisaidii, ashuke anyooshe miguu, avae kitu kilicholegea. Sigara inapunguza mbegu, pombe nyingi inashusha homoni ya kiume. Na zile dawa za nguvu wanazouziwa stendi na mpakani, za kuchanganya na kahawa, nyingi zimekutwa na dawa ya hospitali ya kusimamisha uume ambayo haijaandikwa kwa pakiti, hazizidishi mbegu hata moja na kwa mtu mwenye shida ya moyo zinaweza kuua. Vijana wanaojidunga testosteroni wapate misuli ndio nawaonea huruma kabisa, juu ukiweka hio homoni kutoka nje, ubongo unaambia korodani zipumzike, na mbegu zinaweza kushuka mpaka sufuri. Ikiachwa zinarudi kwa wengi, lakini ni miezi, wengine zaidi ya mwaka. Tohara ya hospitali, ile iliyoenea Nyanza kuanzia 2008, haina uhusiano na hii shida, ni ngozi ya mbele tu inatolewa, korodani na njia ya mbegu haziguswi.

Sasa depo. Mama mkwe ana haki ya kuuliza juu depo enyewe huchelewesha. Kati ya njia zote za uzazi wa mpango hio ndio inachukua muda zaidi mwili kurudi, kwa wastani miezi 9 au 10 tangu sindano ya mwisho, wengine mpaka mwaka na nusu. Lakini inarudi. Haiozeshi kizazi, haizibi mirija, na ile hadithi ya damu kurundikana ndani si kweli, ukiwa kwa depo ukuta wa kizazi unakuwa mwembamba, hakuna damu inayojikusanya mahali. Wewe umeacha zaidi ya miaka 3, depo ilishatoka kwa mwili wako zamani. Implanti na koili ndio kabisa, zikitolewa unaweza kushika mwezi huo huo. Naomba umweleze mama polepole, na ukishindwa nenda naye kliniki muuguzi amweleze, juu hii hofu inafanya wasichana wengi wa huku wakatae uzazi wa mpango alafu wanapata mimba ambayo hawakutaka, wengine wanaitoa kwa vichochoro, na maambukizi ya baada ya hapo ndio huziba mirija kweli kweli.

Period yako ya siku 35 mpaka 50 inaniambia kuna uwezekano yai halitoki kila mwezi, au linatoka kwa kuchelewa. Yai likitoka, period hufuata baada ya kama siku 14. Kwa hivo mwenye mzunguko wa siku 28 yai linatoka siku ya 14, lakini wewe kwa mzunguko wa siku 35 ni siku ya 21 hivi, na kwa wa 50 ni ya 36. Ile kalenda ya simu inayokuambia siku ya 14 ndio siku yako inakudanganya. Na siku za kushika mimba ni 6 tu, ile ya yai kutoka na 5 kabla yake, juu mbegu inaweza kuishi ndani mpaka siku 5 lakini yai likishatoka halimalizi hata siku mbili. Sasa chukua mzee ambaye anarudi nyumbani wikendi mbili kwa mwezi, na mke ambaye yai lake linatoka siku isiyojulikana, mnaweza kukaa mwaka mzima bila kukutana na yai hata mara 3. Sijui ratiba yake ikoje lakini hesabu pia hio. Akiwa nyumbani, kila siku ya pili au ya tatu inatosha, msifanye kama kazi ya kandarasi.

Hapa kuna kosa moja la labu ambalo limewaumiza wanawake wengi. Kuna kipimo cha damu cha kuona kama yai limetoka, cha projesteroni, na kila mtu anaambiwa aje siku ya 21. Hio 21 ni ya mzunguko wa siku 28. Kwako siku ya 21 yai linaweza kuwa halijatoka bado, watakuandikia huna yai na utaanzishiwa dawa, na kumbe lingetoka wiki inayofuata. Kinatakiwa kupimwa kama siku 7 kabla ya period kuja, kwa hivo mwenye mzunguko mrefu apime, arudie kila wiki mpaka period ije. Sema hivo kwa daktari, haitakuwa kukosa adabu.

Sababu inayopatikana sana ya mzunguko kama wako ni PCOS, hali ambapo ovari zinatengeneza vifuko vidogo vingi vya mayai lakini hakuna linalokomaa likatoka. Ni wanawake kama 8 mpaka 13 kwa 100. Dalili zingine ni chunusi, nywele kwa kidevu au kifua, na uzito unaoganda tumboni, ingawa kuna wembamba wanayo. Haisemwi kwa skani peke yake, ukiambiwa na mtu wa skani tu kwamba una PCOS bado hujathibitishwa, lazima iendane na period au dalili za homoni ya kiume. Alafu lazima kupimwa thairoidi na prolaktini, hio prolaktini ndio homoni ya maziwa, ikiwa juu yai hukataa kutoka, kwa hivo kama chuchu zinatoa maziwa na hunyonyeshi sema. Kama uzito umezidi, kupunguza asilimia 5 tu mpaka 10 kunaweza kurudisha yai bila dawa, yani mtu wa kilo 90 akipunguza kama 5 hivi mpaka 9. Na kama dawa inatakiwa, inayopendekezwa kwanza kwa PCOS siku hizi ni letrozoli, imepita klomifeni ya zamani.

Lakini tafadhali usikimbie kemisti ununue hizo dawa mwenyewe. Najua zinauzwa. Kuchochea yai wakati mirija imezibwa ama mzee hana mbegu ni kutupa pesa na muda, na inaweza kukupa mimba ya nje ya kizazi. Hizo dawa zinataka mtu wa kufuatilia kwa skani.

Tuje kwa ile homa. Hii ndio inanisumbua kwa barua yako yote. Baada ya kuzaa mlango wa kizazi uko wazi na ndani kuna kidonda pale kondo lilipotoka. Homa na uchafu wenye harufu hapo ni maambukizi ya kizazi, na yanaweza kupanda mpaka kwa mirija. Mirija yenyewe ni myembamba sana, ndani ina vinywele vidogo ambavyo ndio husukuma yai kuelekea kizazi. Maambukizi yakipita vinywele vinakufa, kuta zinashikana, na mwisho wa mrija unaweza kufungwa ukajaa maji. Mtu anapona homa, anarudi shambani, ananyonyesha, hana maumivu, na hajui kuna kitu kimebaki mpaka siku anatafuta mtoto wa pili. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 1985 ukilinganisha nchi nyingi ulikuta mirija iliyoharibiwa na maambukizi ni nyingi sana kwetu Afrika kuliko kwingine, na kazi yangu ya kila siku inakubaliana nao.

Si kuzaa peke yake. Klamidia na kisonono zinafanya vile vile, na klamidia kwa wanawake wengi haina dalili yoyote, unaweza kukaa nayo mwaka. Sisemi mtu ametoka nje ya ndoa, inaweza kuwa ilikuja hata kabla mjuane. Mkipatikana nayo mnatibiwa wote wawili siku moja na mnakaa bila ngono mpaka mmalize, mmoja akitibiwa peke yake anaambukizwa tena akirudi. Kifua kikuu pia kinaweza kuingia kwa mirija kimya kimya, kwa hivo kama kuna mtu wa nyumba yenu alitibiwa TB, mwambie daktari. Na mjue antibayotiki huua vijidudu, haifungui mrija ambao umeshashikana. Ndio maana kumeza dozi baada ya dozi "ya kusafisha" bila kupimwa hakufiki popote.

Kipimo cha mirija kinaitwa HSG. Ni eksirei, wanaingiza dawa kupitia mlango wa kizazi alafu wanaangalia kama inapita na kumwagika upande wa pili. Kinafanywa period ikiisha na kabla yai kutoka, juu lazima wahakikishe huna mimba. Kinauma, sitakudanganya, ni kama maumivu makali ya hedhi kwa dakika chache, omba dawa ya maumivu unywe kama saa moja kabla, na unaweza kurudi nyumbani siku hio hio. Skani ya kawaida haiwezi kukuambia kama mrija uko wazi. Hapo ndio nasikitika, umepigwa skani hizo zote na hakuna hata moja iliyojibu swali lako kubwa.

Faibroidi yako ndogo wacha ikae kwanza. Kinachojalisha ni mahali iko kuliko ukubwa. Ile inayochomoza ndani ya chumba cha kizazi ndio inazuia mimba kushika, ya nje ya kizazi karibu haina maana kwa hili, na ya katikati ya ukuta inategemea. Mwambie wa skani aandike iko wapi na ina sentimita ngapi. Usikubali kupasuliwa kwa ajili yake kabla mzee hajapimwa na mirija haijapigwa picha, juu upasuaji nao huacha makovu. Kama una maumivu makali ya period ama ya wakati wa tendo la ndoa, hio ni habari nyingine, inaweza kuwa endometriosisi, yani nyama kama ya ukuta wa ndani wa kizazi inaota nje yake, na hio pia inashika mirija na ovari.

Hizo dawa za kusafisha kizazi, za kunywa na zaidi zile za kuingiza ukeni ama kujifukiza, acha leo. Najua wengine hapa wamekwenda kwa nyamrerwa, yani mkunga wa jadi, na wamefarijika, siwezi kudharau faraja ya mtu, nyamrerwa wengi ni wamama wenye roho nzuri na wamesaidia vijiji vyetu kabla hospitali zifike. Lakini uke unajisafisha wenyewe, na kuingiza vitu ndani kunaharibu bakteria wazuri wanaoulinda, alafu maambukizi yanapata njia.

Kuna wengine wanaosoma ambao hawataniandikia na nataka niwataje haraka. Kwa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kuna wanandoa wengi ambao mmoja ana virusi vya UKIMWI na mwingine hana, na wanaogopa kutafuta mtoto. Mwenye virusi akimeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwa kipimo, haambukizi mwenzake kwa ngono, na asiye na virusi anaweza kupewa PrEP, dawa ya kumkinga asiambukizwe, kwa muda wa kutafuta. Ongeeni na kliniki yenu kabla kuacha kondomu, mpangiwe. Na wenye selimundu (sickle cell), mwanaume anayemeza haidroksiyurea ajue inaweza kushusha mbegu, lakini asiache mwenyewe, aongee na daktari wake wapange.

Kwa hivo utakwenda hivi. Kutoka Ahero unaweza kuanzia hospitali ya hapo hapo upate barua, alafu Russia, yani Jaramogi, hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, kwa kliniki ya akina mama. Wa Nakuru wana hospitali yao kubwa, ile iliyokuwa ikiitwa PGH, wa Kakamega wana hospitali yao ya kaunti, na ikihitajika zaidi kuna Moi kule Eldoret. Chukua kila karatasi uliyo nayo, hata zile za zamani, na andika tarehe za period za miezi 6 iliyopita. Mkiwa wawili siku ya kwanza ndio vizuri zaidi. Miaka 32 una nafasi nzuri, mtu hapaswi kukutisha, lakini kawaida tunasema baada ya mwaka mmoja wa kujaribu muone daktari, na aliyepita miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Nyinyi mmemaliza 3, msiongeze mwingine mkingoja.

Kumwambia mzee ndio kazi. Usimwambie "nenda upimwe", mwambie daktari amekataa kuendelea na wewe bila karatasi yake, na ni kweli, mimi ningekataa. Mwambie pia ikionekana yuko sawa, itatuokoa vipimo na itafunga maneno ya watu. Wanaume wengi wanaogopa wakipatikana na shida watachekwa na ndugu, kwa hivo muahidi majibu yatabaki kwa chumba chenu, na uiheshimu hio ahadi hata kwa mama yako. Kama anaona aibu kwa daktari wa kike aombe wa kiume, wako. Na kama kuna mtu kwa familia anasema aoe mwingine, huyo mwanamke wa pili hatabadilisha mbegu, na mirija yako itatibiwa ama haitatibiwa bila yeye.

Mirija ikipatikana imefungwa yote, usianze kusikia ati mambo yameisha. Mwingine unafunguka kwa upasuaji mdogo, mwingine haufunguki na hapo njia ni IVF, yai na mbegu kukutanishwa nje alafu kurudishwa ndani. Dunia ilipata mtoto wa kwanza hivo Uingereza mwaka 1978 na hapa Kenya tukapata 2006. Ni ghali, laki kadhaa kwa jaribio moja, na haina uhakika, kwa hivo usiuze shamba kabla kuuliza kliniki kwa umri wako na kwa vipimo vyako nafasi ni ngapi. Na kama mrija umejaa maji, wengi hushauriwa utolewe ama ufungwe kwanza juu hayo maji yakirudi kwa kizazi yanapunguza nafasi ya IVF karibu nusu.

Kitu cha kuanza leo bila kungoja mtu yeyote ni vidonge vya foliki (folic acid), mikrogramu 400 kila siku, inalinda mgongo na ubongo wa mtoto wiki za kwanza kabla hata ujue umeshika. Na hili ulishike sana, kwa ile homa uliyopitia: period ikichelewa kuliko kawaida yako, pima mimba mapema, ikionekana iko upigwe skani mapema waone imekaa wapi, usingoje miezi 3. Ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, maumivu kwa bega, ama damu kidogo kidogo na kipimo kinasema una mimba, hio inaweza kuwa mimba kwa mrija, usilale nayo, usinywe kitu, panda boda ama gari lolote usiku huo huo mpaka hospitali yenye chumba cha upasuaji.